Kitufe kinalia chumba gani? Namna ya kujikinga na vitisho na vurugu kazini

Nilikaa mapokezi miaka minne kabla sijapewa kazi ya kupanga shifti, na siku ile jamaa alipopanda juu ya kaunta nilibonyeza kitufe cha dharura mara tatu, kile cha chini ya meza, na hakuja mtu. Mwenzangu alivunjwa kidole, mimi nikabaki na hofu iliyonikalia miezi. Baadaye ndo tukaja kujua kwamba kitufe hakikuwa kibovu, kengele ililia vizuri tu, ila ililia kwenye chumba ambacho walinzi walishahama zamani. Hakuna aliyewahi kukijaribu, hata mimi niliyekuwa nakikalia kila siku. Kwa hiyo naandika haya kwa yeyote ambaye kazi yake inamkutanisha na watu, awe muuguzi, mwalimu, keshia, konda, mlinzi, afisa mikopo, mtu wa ustawi wa jamii, na naandika kwa bosi wake pia, manake vingi vinavyokuokoa siku ya tukio vinakuwa vimeshaamuliwa wiki na miezi kabla, na anayeamua mara nyingi sio wewe.

Wengi wakisikia vurugu kazini wanafikiria ngumi na visu tu. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na ukaanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unaenda mbali zaidi: unahesabu na kitisho chenyewe, hata kama kimetokea mara moja tu, na unahesabu madhara ya mwili, ya akili, ya kingono na ya kiuchumi. Unamkinga na mtu aliye kwenye mafunzo, anayejitolea, anayeomba kazi, hadi aliyeshaachishwa, na hauishii getini, unafika safari za kikazi, njia ya kwenda na kurudi, na meseji za kazi zinazokufuata kwenye simu usiku. Unazibana nchi zilizouridhia, ila hata kama yako bado, ni kipimo kizuri cha kumwonyesha bosi anayekwambia "hajakugusa, sasa unalalamika nini".

Na tusidhani ni mambo ya watu wachache wenye mkosi. Mwaka 2021 shirika hilohilo lilishiriki kufanya utafiti kwenye nchi 121, watu karibu 75,000 wakaulizwa, na zaidi ya mmoja kati ya watano wa walio kazini alisema ameshapitia ukatili au unyanyasaji wa aina fulani kazini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba waliowahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki, walikuwa wamezidi nusu kidogo tu. Waliobaki walimeza.

Jua kwanza hatari yako inatokea wapi

Kuna vyanzo vinne, na ukivichanganya utatumia hela kwenye kitu kisichokusaidia. Kuna mhalifu wa nje anayekuja kuiba na hana shida na wewe binafsi. Kuna unayemhudumia, mteja, mgonjwa, ndugu wa mgonjwa, mwanafunzi, mzazi, ambaye amekuja kihalali kabisa ila mambo yakaharibika katikati. Kuna mliyeajiriwa naye, mwenzako au bosi. Na kuna mtu wa nyumbani, mume, mke au mpenzi wa zamani, anayejua unaingia saa ngapi na unatokea mlango upi. Kioo kinene kwenye kaunta kitasaidia kwa wa kwanza, kwa wa tatu hakisaidii chochote kwa sababu yeye yuko upande huuhuu wa kioo.

Njia rahisi ya kuanza ni kuzunguka eneo la kazi na wale wanaofanya kazi hapo, sio na ramani ofisini, halafu uwaulize swali moja, ni wapi na saa ngapi umewahi kuogopa hapa. Waulize wafagiaji, waulize wa shifti ya usiku, waulize wageni kazini ambao bado hawajazoea. Utashangaa majibu yanavyorudi palepale, ile korido isiyo na taa, ile saa ya mwisho ya kufunga mtu akiwa peke yake anahesabu hela, kile chumba cha mahojiano ambacho mgeni ndo anakaa karibu na mlango na wewe umebanwa ukutani. Kazi za kushika hela, za kufanya peke yako, za usiku, za walevi, za kumwambia mtu hapana au kumpa habari mbaya, za kuingia majumbani mwa watu, hizo zote hatari yake inajulikana miaka mingi, hakuna bosi anayeweza kusema hakuweza kuiona.

Vitu vya kurekebisha kabla

Kitufe cha dharura nimeshakisema lakini nitarudia: kikilia, kinalia wapi, nani anasikia, anatumia dakika ngapi kufika, na akifika anafanya nini? Kama moja ya hayo hulijui basi hauna kitufe, una plastiki chini ya meza. Kijaribuni angalau mara moja kwa mwezi na kwenye kila shifti, na usiku pia, manake mchana kila kitu kinafanya kazi. Kama hamna vitufe, kubalianeni neno la siri ambalo likisemwa kwenye simu au kwa sauti ya kawaida mwenzako anajua aje au aite polisi, kitu kama kuulizia faili ambalo halipo.

Chumba cha kuongea na watu kipangwe ili wewe ufike mlangoni bila kumpita mgeni, ila na yeye asijione amefungiwa, chumba chenye milango miwili ndo kizuri zaidi. Ondoa mezani vya kurushwa na kuchoma, mkasi, stepla, glasi, chupa ya maji ya moto. Kamba ya kitambulisho shingoni iwe ile inayoachia ikivutwa, nimeona mtu akikabwa na ya kwake. Jina kwenye kitambulisho likae moja tu kama kazi inaruhusu, manake majina kamili mtu anayapeleka mtandaoni jioni hiyohiyo na kukutafuta. Madirisha ya mbele yasijazwe matangazo hadi wa nje wasikuone. Hela zipungue kwenye droo mara kwa mara na watu waone kabisa kwamba hakuna nyingi, na muda wa kuzipeleka benki ubadilikebadilike.

Sasa kuna kimoja ambacho watu wanakidharau sana, nacho ni kusubiri. Hasira nyingi za kaunta hazizaliwi na jibu baya, zinazaliwa na saa mbili za kukaa bila kujua kinachoendelea, unaona mtu aliyekuja nyuma yako anaitwa kabla yako na hakuna anayekwambia kwa nini. Uingereza walijaribu kwenye idara za dharura za hospitali, wakabandika mabango yanayoeleza hatua kwa hatua mgonjwa anapitia nini na kwa nini wengine wanatangulia, na tathmini iliyotoka 2013 ikaonyesha tabia za kutishia zilishuka kwa nusu. Kwa hiyo kabla hujaomba mlinzi wa pili, jiulize watu wako wanaambiwa nini wakiwa kwenye benchi. Mtu mmoja anayepita kila nusu saa na kusema "tumechelewa, daktari yuko kwenye dharura, makadirio ni saa moja zaidi" anazuia mengi kuliko anayesimama mlangoni na rungu.

Wanaokwenda majumbani kwa watu au wanaofanya kazi peke yao wanahitaji utaratibu usiotegemea mtu kukumbuka. Unaacha taarifa unaenda wapi na utatoka saa ngapi, unapiga ukimaliza, na, hapa ndo wengi wanakosea, kuna mtu mwenye jina ambaye usipopiga ndani ya muda mliokubaliana anaanza kukutafuta na anajua hatua inayofuata. Kama mtu huyo hayupo, kuacha taarifa ni karatasi tu. Ukifika pa hatari, gari iangalie njia ya kutokea, usiingie ndani zaidi ya mwenye nyumba, na ukihisi vibaya mlangoni rudi, sema umesahau karatasi. Bosi aseme mapema, na aseme mbele za watu, kwamba anayegeuza hatahojiwa kama mtoro. Ule Mkataba 190 unasema wazi kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya msingi ya kuamini yuko kwenye hatari kubwa na ya karibu ana haki ya kujiondoa bila kuadhibiwa.

Dalili

Kabla ya mtu kupiga, mwili wake huwa unasema. Anatembea huku na huku, anakunja ngumi na kukunjua, anauma meno, anarudia sentensi moja, anakaribia kidogokidogo, anavua koti au saa, sauti inapanda, na mara nyingine inakata ghafla, mtu aliyekuwa anafoka ananyamaza na kukukazia macho, huo ukimya mimi nauogopa kuliko kelele. Kwa mwenzako wa kazini dalili huja taratibu zaidi, kinyongo ambacho hakiishi, kuongelea silaha kila saa, kusema "kuna siku mtanijua". Kitisho kinachotaja nani, lini na kwa kutumia nini usikipime ukiwa peke yako, kiripoti siku hiyohiyo hata kama aliyekitoa alicheka baada ya kusema. Na tusiwabandikie watu kwa sababu wanaumwa akili, wengi wao hawajawahi kumgusa mtu. Angalia alichofanya na alichosema, basi.

Na aliyeachana na mtu mkatili, ujue wakati wa kuondoka na muda mfupi baada ya hapo ndo wakati wa hatari sana. Mwenzako akikwambia, usimpe hotuba, muulize anataka nini kibadilike: saa za kuingia, mlango wa kutokea, simu zisipelekwe mezani kwake, picha ya huyo mtu ikae mapokezi kama yeye mwenyewe ameridhia, mtu wa kumsindikiza hadi kwenye usafiri. Hayo hayana gharama kubwa.

Ikianza

Hapa kila mtu anataka sentensi ya uchawi, haipo, ila kuna mpangilio unaosaidia. Rudi nyuma upate nafasi ya mikono miwili kati yenu, simama kwa upande kidogo sio kifua kwa kifua, mikono ionekane, iwe wazi na chini ya kifua. Ongea polepole na chini kuliko yeye. Mwache amalize kwanza, usimkatize, hata akirudia mara tatu, kwa sababu mtu aliyepandwa na hasira hasikii hoja, anasikia sauti na anaangalia uso. Ukipata nafasi mwambie unachokiona na unachoweza kufanya: "Naona umekasirika, na kweli umesubiri sana. Naomba nielewe, faili lako lilipotea lini?" Swali dogo la ukweli linalotaka jibu dogo linaipa akili yake kitu cha kushika.

Usimwambie "tulia", sijawahi kuona aliyetulia kwa kuambiwa atulie. Usimwambie "ndo sheria yetu" ukaishia hapo, wala usimnyooshee kidole, usimguse hata kwa nia njema, usimcheke, na usijibishane naye mbele ya foleni manake hataki kushindwa mbele za watu. Kama inawezekana sogeza wengine, sio yeye. Aongee mtu mmoja tu, mkiongea watatu anajiona amezungukwa. Mwenzako asimame mbali kidogo pa kuona, asiingilie hadi umpe ishara.

Akizidi, weka mpaka kwa sauti ileile na umpe njia mbili ambazo zote unaweza kuzitimiza: "Nataka kukusaidia, lakini ukinitukana nitasimama niondoke. Tukiongea kawaida namalizana na wewe sasa hivi, au urudi kesho uonane na msimamizi." Kisha ulilosema lifanye. Mpaka unaotishia mara tano bila kuutekeleza unamfundisha kwamba hauna mpaka. Na ukiona dalili zile za mwili zinaongezeka, toka. Sema unaenda kumwita msimamizi, uende, usimpe mgongo hadi uvuke mlango. Kuondoka sio kushindwa kazi. Mizigo, kompyuta na makaratasi yaache hapohapo.

Akishakushika, lengo lako ni kujinasua na kukimbia, sio kumshinda. Piga kelele, sema kitu kinachoeleweka, "Njooni huku! Ita polisi!", manake ukelele mtupu watu wanageuza shingo tu.

Ukivamiwa na mwizi, mpe anachotaka. Mwambie unachofanya kabla hujasogea, "nafungua droo, funguo ziko mfukoni kulia", usifanye mwendo wa ghafla, usiseme hakuna hela wakati zipo. Bonyeza alamu kama unaweza bila kuonekana, kama huwezi acha. Mwangalie kitu kimoja au viwili utakavyokumbuka, urefu kulinganisha na mlango, viatu, lafudhi, kovu. Akitoka usimfuate hata hatua moja, funga mlango, hesabu watu wenu, piga simu, na hapo alipogusa asiguse mtu mwingine. Silaha ikitoka, yote niliyosema juu ya mazungumzo yanakuwa ya pili, ya kwanza ni umbali na mlango.

Kitisho cha simu au meseji kina kazi yake. Usifute hata kama kinakutia kichefuchefu, piga skrinishoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, na itume kwa mtu mwingine ili isipotee na simu. Ya kupigiwa, andika maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa, matusi na yote, sio "alinitolea lugha chafu", na andika ulichosikia nyuma, gari, watoto, mashine. Usijibu, na usikubali aliyetishiwa abaki ndo mtu pekee wa kumhudumia huyo mteja.

Baada ya hapo

Kwanza damu na usalama, hilo kila mtu anajua. Linalosahaulika ni kwamba mtu aliyetishiwa bila kuumia anarudishwa kaunta baada ya dakika kumi kwa sababu foleni ni ndefu. Usifanye hivyo. Mtoe pale, mtu mmoja anayemwamini akae naye, asirudi nyumbani peke yake wala asiendeshe akiwa anatetemeka, na umuulize umpigie nani. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 ambao msingi wake ni maneno matatu, angalia, sikiliza, unganisha, na hayahitaji uwe mtaalamu. Usimlazimishe asimulie tukio zima mbele ya kundi, siku hizo za mwanzo kikao cha kukamuana hisia hakishauriwi kabisa. Akitaka kuongea sikiliza, akitaka kunyamaza kaa naye.

Maelezo yaandikwe mapema, siku hiyo au kesho yake, kila aliyeona aandike ya kwake bila kuulizana, na majeraha yapigwe picha, na tena baada ya siku mbili michubuko ikishatokeza. Kwenda polisi lisiwe jambo la mfanyakazi kuhangaika nalo peke yake na nauli yake, kazi impeleke, mtu aongozane naye.

Kukosa usingizi, kushtuka, kuona picha ya tukio, kulia ovyo, kukasirikia watoto, hayo ni ya kawaida wiki za mwanzo na kwa wengi yanapungua. Yakipita mwezi mmoja na bado yana nguvu, au mtu ameanza kukwepa kabisa njia ya kazini, au anaongea habari za kujiua (hii hata siku ya kwanza), anahitaji daktari au mshauri, na kazi ndo itafute na ilipe.

Halafu mkae mjadili, swali likiwa ni nini kwenye kazi yetu kiliruhusu hili, sio nani alimjibu vibaya. Na fungueni daftari la matukio madogo. Nasisitiza madogo: alipiga meza, alisema atanisubiri nje, alinirushia karatasi. Fomu ya kurasa nne hakuna atakayeijaza, mistari mitatu inatosha, lini, wapi, nini. Tulipoanza ya kwetu tuliona ndani ya wiki chache kwamba karibu yote yanaangukia siku za kufunga mwezi kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, mmoja wetu akiwa peke yake, na dawa ikawa kuongeza mtu mmoja kwa saa hiyo moja. Ila anayeripoti apewe majibu, hata kama jibu ni "tumeshindwa kwa sasa kwa sababu hii", bila hivyo mwezi wa tatu daftari linabaki jeupe na bosi anafikiri amani imerudi.

Kama anayekutisha ni bosi mwenyewe, usiandike kwenye kompyuta ya kazini. Weka daftari lako nyumbani, tarehe, maneno, nani alikuwepo, tafuta mmoja aliyeyaona, halafu pita juu yake au nje yake: HR, yaani idara ya rasilimali watu, kama wanasikia, chama cha wafanyakazi, ofisi ya serikali inayosimamia kazi. Nenda na mtu. Kwenda peke yako kwenye kikao cha hivyo ni kubaya, maneno yako yatakuwa dhidi ya cheo chake.

Mwenzangu yule wa kidole alirudi baada ya wiki sita. Hakurudishwa kaunta moja kwa moja, alianza siku mbili kwa wiki meza ya nyuma, na ni yeye aliyechagua lini atasogea mbele. Siku hiyo, kabla hatujafungua mlango, aliomba abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Tukasimama wote kimya, tukasikia viatu vya mlinzi vinakimbia koridoni, na mimi nilikuwa nahesabu: sekunde thelathini na nane.